Habari za Macho: Njia Iliyokatika kati ya Nyumba na Hospitali

Katika nyumba nyingi za nchi zetu yuko mzee aketiye penye kivuli cha ukuta. Kila apitaye humwamkia, naye huitikia kwa kuisikia sauti tu. Mjukuu humshika mkono kumpeleka uani na kumrudisha. Chakula huwekwa mbele yake, na mtu humwambia, "Babu, mboga iko upande wa kulia." Wenyeji wa nyumba hawashangai, maana husema, "Ni uzee." Nasi twataka kusema leo, wasomaji wetu, ya kuwa mara nyingi si uzee peke yake, bali ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Tena kinachomweka mzee huyo gizani si upungufu wa elimu ya matabibu. Ni njia kati ya nyumba yake na hospitali, ambayo imekatika mahali fulani, na mara nyingi mahali penyewe si mbali na mlango wake.

Ugonjwa huo ni mtoto wa jicho. Nyuma ya mboni ipo lenzi, kitu kiangavu mfano wa kioo kidogo cha mviringo, ambacho kazi yake ni kuikusanya nuru. Miaka ikipita lenzi hiyo huingia ukungu, kama ute wa yai unavyogeuka kuwa mweupe ukipata moto. Hakuna dawa ya matone wala ya kunywa iwezayo kuurudisha uangavu wake, kama vile hakuna awezaye kulirudisha yai lililokwisha chemka. Dawa ni moja tu: kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine iliyofanywa na watu. Wa kwanza kuweka lenzi ya namna hiyo alikuwa Daktari Harold Ridley, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, tarehe 29 Novemba 1949. Wakati wa vita aliwatibu wanahewa walioingiwa na vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege machoni mwao, akatambua ya kuwa jicho halikuvikataa vipande vile. Matabibu wenzake wengi walimpinga kwa miaka mingi. Leo kazi hiyo hufanywa kila siku ulimwenguni kote. Tangu mwaka 1992 kiwanda cha Aurolab, kule Madurai katika Bara Hindi, hutengeneza lenzi hizo kwa bei ndogo ambayo hata hospitali za nchi zetu zaweza kuimudu. Katika mikono ya tabibu mzoefu kazi yenyewe haifiki nusu saa, na mgonjwa hutiwa ganzi ya jicho tu, hali yu macho na anasikia yasemwayo.

Basi, ikiwa dawa ipo, tena si ghali kupita kiasi, kwa nini mzee angali penye ukuta? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kubwa juu ya kuona. Lilisema ya kuwa watu wapatao bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, na miongoni mwao bilioni 1 kwa uchache wangeweza kukingwa au kutibiwa, lakini hawakutibiwa. Taarifa hiyo haikulaumu uchache wa madaktari peke yake. Ilisema pia ya kuwa kazi za macho zimetengwa na kazi nyingine za afya, na kwamba wanaozifanya hawashikani mikono. Kwetu sisi jambo hili halihitaji taarifa kutoka Geneva. Ukiwauliza watu wa kijiji cho chote watakuonyesha.

Tuanze nyumbani, maana ndiko njia ikatikako kwanza. Wataalamu waliofanya kazi mkoani Kilimanjaro walitaka kujua sababu ya wazee kukataa kupasuliwa. Mwaka 2005 waliandika waliyoyaona baada ya kuzungumza na jamaa za wagonjwa. Wazee wengi hawaombi. Mzee huona haya kuwalemea watoto wake, naye hudhani ya kuwa mtu wa umri wake hana haja tena ya kuona mbali. Mtoto naye hungoja mzazi aseme, kwa kuwa si adabu kumwambia baba, "Umekuwa kipofu, twende ukakatwe jicho." Hivyo kila mmoja humngojea mwenziwe kwa heshima, na miaka hupita. Sisi twaona ya kuwa hapa pana jambo la kufikiri kwa wote wenye wazazi. Heshima iliyo kweli yaweza kuanza neno. Mwana aseme, "Mama, nimeuliza hospitali, nimeambiwa siku na nimeambiwa gharama, mimi nitakwenda nawe na kurudi nawe." Maneno hayo manne, siku, gharama, kwenda na kurudi, ndiyo mama ayatakayo kuyasikia kabla hajakubali.

Tena akina mama wazee wanahitaji kuangaliwa zaidi. Katika ulimwengu wote wanawake ni zaidi ya nusu ya vipofu, na mahali pengi hupasuliwa kwa uchache kuliko wanaume. Sababu si ya jicho. Ni kwamba fedha ya nyumba haimo mkononi mwa bibi, na safari ya mjini huonekana kuwa ni jambo la babu. Bibi akiacha kupika na kuchambua mchele, kazi yake hupewa msichana, na msichana huyo mara nyingine huacha shule ili awe macho ya bibi yake. Waalimu, mkiona mtoto wa kike anakosa darasa siku nyingi, ulizeni nani haoni nyumbani kwao.

Liko pia shauri moja la zamani ambalo bado latembea vijijini, nalo ladhuru: kwamba mtoto wa jicho angojwe mpaka akomae, yaani mpaka mboni iwe nyeupe kabisa. Shauri hilo lilikuwa na maana katika siku za upasuaji wa zamani. Kwa upasuaji wa sasa halina maana. Mtu ambaye ukungu wa jicho lake umekwisha mzuia kufanya kazi zake, na apimwe. Asiambiwe kungoja giza.

Sasa twende kutoka nyumbani hadi barabarani. Katika hospitali ya KCMC huko Moshi, na katika kituo cha macho cha Kwale katika pwani ya Kenya, watu waliona jambo ambalo twataka kulieleza kwa urefu, kwa maana lafaa kuigwa. Zamani ilikuwa desturi kupeleka gari la macho kijijini na kuwapima watu. Aliyeonekana ana mtoto wa jicho aliandikiwa karatasi, akaambiwa, "Njoo hospitali." Wachache sana walikuja. Mzee asiyeona alirudi nyumbani na karatasi asiyoweza kuisoma, kwenda mji asioujua, kwa fedha asiyokuwa nayo. Karatasi ikawekwa darini, na kitabuni ikaandikwa ya kuwa ametumwa hospitali. Hivyo kazi ilionekana imetimia, na kumbe njia ilikatika pale pale mlangoni pa gari.

Basi wakabadili. Walichagua vituo maalumu, wakaweka siku maalumu za kuvirudia, ili watu wajue mapema bila kubahatisha. Habari ilitangazwa kanisani, msikitini, shuleni na sokoni kabla ya siku yenyewe. Siku ilipofika watu walipimwa, na aliyefaa kupasuliwa hakupewa karatasi ya kwenda nayo darini. Alikaa na mshauri, mtu aliyefundishwa kazi hiyo, akaelezwa atakayofanyiwa na kuulizwa hofu yake ni nini. Alitajiwa gharama moja, yenye safari na chakula na upasuaji ndani yake, wala hapakuwa na fedha nyingine ya kuombwa njiani. Akikubali, alipanda gari siku ile ile pamoja na majirani zake. Baada ya kupasuliwa alirudishwa mpaka karibu na kwao. Mwaka 2005 wenye kazi hizo mbili waliandika pamoja katika jarida la matabibu wa macho la Uingereza, wakaonyesha jinsi idadi ya waliopasuliwa ilivyopanda. Mzigo wa safari uliondolewa mabegani mwa kipofu, akachukua yule mwenye macho na gari.

Tazameni pia jambo la majirani kupanda gari moja. Mtu mmoja peke yake akienda kupasuliwa huwa kama amekwenda vitani. Watu kumi wa kitongoji kimoja, wakikaa pamoja katika wodi na kuchekeshana usiku, hawana hofu ile. Na asubuhi kitambaa kifunguliwapo, wa kwanza akisema, "Nawaona vidole vyenu," wale waliobaki hupumua.

Wako wanaosifu kambi za upasuaji, ambapo wageni huja kwa juma moja, wakageuza darasa kuwa chumba cha kupasulia, wakafanya watu mamia. Hatukatai ya kuwa mahali palipo mbali sana na hospitali kambi imewapa wengi nuru. Walakini twauliza: jicho likivimba siku ya tano, mgonjwa aende kwa nani? Miwani ya baadaye itatolewa na nani? Darasa si chumba kisafi kama kilichojengwa kwa kazi hiyo, na mgeni aliyekwisha ondoka hawezi kulaumiwa wala kusahihisha. Twaona ni afadhali gari la kumpeleka mtu hospitalini kuliko kuipeleka hospitali kwa mtu, kila iwezekanapo.

Lipo na jambo la wasaidizi kutokujuana. Katika kanda moja chama hiki huja na gari mwezi wa tatu, na chama kile huja mwezi huo huo, nao wote wawili husimama penye kijiji kilicho kando ya barabara ya lami, ambako maji na soda hupatikana. Ng'ambo ya mto hafiki mtu. Watu wa barabarani hupimwa mara mbili, na wale wa ng'ambo hawapimwi kamwe. Ndiyo sababu mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Kuzuia Upofu yalipoanzisha pamoja kazi iliyoitwa VISION 2020, yaliagiza mipango ifanywe kwa sehemu za nchi zenye watu wapatao milioni moja, ili kila sehemu iwe na shauri lake moja. Mwaka 2020 ulikuja ukapita na upofu haukuisha, lakini agizo hilo lingali jema. Mganga mkuu wa wilaya awe na kalenda moja ya macho, na kila chama kitakacho kuja kiandikwe humo kabla ya kuja. Wazee wa kanisa na viongozi wa misikiti waweza kuuliza swali jepesi: "Je, mmekwisha onana na mganga wa wilaya?" Mgeni mwema hatachukizwa na swali hilo.

Sasa twafika hospitalini kwenyewe, na hapa twataka kusema jambo ambalo pengine halisemwi kwa sauti. Kupasuliwa si sawa na kuona. Kwa miaka mingi kazi ilipimwa kwa idadi ya macho yaliyopasuliwa; kadiri idadi ilivyokuwa kubwa, ndivyo hospitali ilivyosifiwa. Lakini mzee hakuja ili apate kuhesabiwa. Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo tangu miaka ya 1990: katika kila watu 100 waliopasuliwa mtoto wa jicho, wasipungue 80 wawezao kuona vizuri baadaye, na wenye kuona vibaya sana wasifike 5. Kuona vizuri kulikotajwa hapo ni kuona, kutoka mita 6, alama ambazo jicho zima huziona kutoka mita 18. Katika mwaka 2021 Mkutano Mkuu wa Afya wa mataifa ulikwenda mbele zaidi. Ulikubali ya kuwa ifikapo mwaka 2030 sehemu ya wenye haja ambao wamepasuliwa na kuona vizuri iongezeke kwa sehemu 30 katika 100, na ya waliopata miwani iwafaayo iongezeke kwa sehemu 40 katika 100. Angalieni maneno hayo: hesabu ni ya walioona. Aliyepasuliwa na kubaki gizani hayumo.

Kwa nini mtu apasuliwe asione? Mara nyingine jicho lina ugonjwa mwingine nyuma, kama vile kisukari kilichokwisha haribu pazia la ndani, na hapo tabibu hana lawama ikiwa alisema mapema. Lakini mara nyingine lenzi iliyowekwa haikulingana na jicho. Macho hayana urefu mmoja, na lenzi huchaguliwa kwa kupima urefu wa jicho kabla ya kazi. Mahali ambapo hapana kifaa cha kupimia, au kipo lakini kimeharibika, wagonjwa hutiwa lenzi ya nguvu moja wote, kama watu wavishwao viatu vya kipimo kimoja. Mara nyingine mgonjwa alihitaji miwani tu baada ya kupona, na hapakuwa na wa kumwambia. Tena iko haraka ya mwisho wa siku, wakati mikono imechoka na watu wangali wamepangana barazani.

Hospitali njema huandika kuona kwa kila mgonjwa kabla ya kupasuliwa na baada yake, na kila mwezi watenda kazi hukaa pamoja kuitazama orodha: nani hakuona, na kwa nini. Hawafanyi hivyo ili kutafutana makosa. Hufanya kama fundi seremala anayeupiga mlango wake msasa tena kabla ya kuutoa. Nayo faida hurudi kijijini. Mtu mmoja aliyerudi akiona hufanya kazi ya matangazo kumi. Lakini mmoja aliyerudi haoni huketi barazani miaka yake yote, na kila asemaye habari ya kupasuliwa huonyeshwa yeye. Hapo hata gari likija na chakula na mshauri, watu hawapandi.

Tumesema mengi juu ya mtoto wa jicho, kwa kuwa ndiye mkuu katika visa vya upofu. Lakini upo ugonjwa mwingine ambao njia yake ni ndefu zaidi, tena huanzia jikoni. Nao ni trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Husababishwa na kijidudu kinachopita kutoka mtoto hadi mtoto kwa vidole, kwa nguo ya kupangusia uso, na kwa nzi wanaotua penye tongo. Mtoto huugua, hupona, huugua tena. Kila mara ngozi ya ndani ya kope hupata kovu, na baada ya miaka mingi kovu hukaza, ukingo wa kope hugeukia ndani, na nywele zake hukikwaruza kioo cha jicho kila mtu apepesapo. Akina mama hupatwa zaidi kuliko akina baba, kwa maana wao ndio washikao watoto.

Wilaya ya Kongwa, katika mkoa wa Dodoma, imefundisha ulimwengu mengi juu ya ugonjwa huu. Ni nchi kavu. Watu walidhani ya kuwa nyuso za watoto hazioshwi kwa sababu maji yako mbali. Lakini watafiti waliofanya kazi huko katika miaka ya 1980 waliona ya kuwa umbali wa maji haukueleza yote. Jambo kubwa lilikuwa namna nyumba ilivyogawa maji yake yakiisha kufika. Wengi waliamini kwamba kuosha uso wa mtoto kwahitaji maji mengi. Walipoonyeshwa kwa macho yao jinsi maji kidogo yatoshavyo nyuso nyingi, walistaajabu. Kisha ikafanywa kazi katika vijiji sita: vyote vilipewa dawa ya mafuta ya macho, na katika vitatu watu walifanya pia mikutano na kuhimizana juu ya kuosha nyuso za watoto. Habari zake zilichapwa mwaka 1995 na Sheila West na wenzake. Katika vijiji vilivyohimizana, nyuso safi ziliongezeka, na trakoma iliyo kali ilipungua kuliko katika vile vingine.

Hapa ndipo twaona jinsi kazi moja isivyoweza kusimama bila nyingine. Shirika la Afya Duniani hufundisha mambo manne yaende pamoja: kuwapasua kope wale ambao kope zao zimekwisha geuka, kutoa dawa kwa watu wote wa eneo lililoambukizwa, kuosha nyuso, na kutengeneza mazingira kwa maji na vyoo. Dawa ya azithromaisini hutolewa bure na kampuni ya Pfizer tangu mwaka 1998. Lakini dawa ikigawiwa na nyuso zikabaki chafu, kijidudu hurudi. Idara ya afya hugawa vidonge, idara ya maji huchimba visima, mwalimu husimamia nyuso, na baba wa nyumba huchimba choo. Wakifanya kila mmoja kwa mwaka wake, nguvu hupotea. Nchi zilizoyashika yote manne pamoja kwa miaka mingi zimefaulu. Malawi ilithibitishwa mwaka 2022 ya kuwa trakoma si tatizo la taifa tena, na jirani zetu wa Burundi wakathibitishwa mwaka 2025.

Mama ambaye kope zake zimegeuka huwa na kibano chake, naye hung'oa nywele moja moja kila juma, akidhani hiyo ndiyo tiba. Nywele humea tena, fupi na kali kuliko mwanzo. Upasuaji wa kope ni mdogo, nao waweza kufanywa katika zahanati na mtu aliyefundishwa vema. Lakini hata huo hutaka ubora, kwa maana kope yaweza kugeuka tena. Katika Ethiopia mwaka 2006 ilionyeshwa ya kuwa waliopewa azithromaisini mara moja baada ya kupasuliwa walirudiwa na ugonjwa kwa uchache kuliko waliopewa mafuta ya macho. Mama aliyepasuliwa na atazamwe tena baada ya miezi sita.

Yabaki maneno ya watoto, nayo yataka haraka. Mzee mwenye mtoto wa jicho akichelewa mwaka, bado aweza kuona akipasuliwa. Mtoto mchanga hawezi kungoja hivyo. Kuona hufunzwa: ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya kwanza, na kama jicho limefungwa wakati huo, baadaye hata likifunguliwa ubongo haujui kusoma habari zake. Basi mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, apelekwe hospitali juma hilo hilo. Yaweza kuwa mtoto wa jicho, nayo yaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo huua. Baada ya kupasuliwa mtoto hutakiwa kurudi mara nyingi na kuvaa miwani, na hapo ndipo wazazi wengi hupotea. Pale KCMC aliwekwa mtu ambaye kazi yake ni kuwafuata watoto hao, kuwapigia wazazi simu kabla ya siku yao, na kuwasaidia nauli.

Tusisahau surua. Katika hospitali ya Mvumi karibu na Dodoma, Daktari Allen Foster, pamoja na Alfred Sommer wa Marekani, waliandika mwaka 1987 habari za watoto 130 wenye vidonda vya kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi yao walikuwa wametoka katika surua. Upungufu wa vitamini A ulizidisha, na dawa za miti zilizotiwa machoni ziliongeza madhara. Chanjo na matone ya vitamini A hupatikana sasa zahanati, wala si kazi ya mganga wa macho kuyatoa; ni kazi ya muuguzi wa watoto, ambaye pengine hajui ya kuwa kwa sindano ile moja ameokoa macho. Dawa za miti zisitiwe jichoni kabisa, hata zikitoka kwa mtu tumpendaye.

Waalimu wengi wametuuliza kama wanaweza kuwapima wanafunzi kwa karatasi ya herufi. Wanaweza, wakifundishwa nusu siku tu. Umbali wa mita 6 upimwe kwa kamba, jicho moja lifunikwe kwa kiganja bila kulibonyeza, na mtoto aonyeshe upande ambao herufi imeelekea. Lakini msianze kabla hamjajua miwani itatoka wapi. Kuwapima watoto arobaini, kuwaambia watano hamwoni, kisha kuwaacha, ni kuwapa huzuni mpya juu ya ile ya kwanza. Mwandikieni kwanza muuguzi wa macho wa wilaya, mpange siku atakayokuja na vipimo vyake.

Kuna ugonjwa ambao hautoi dalili kwa miaka, nao ni presha ya macho. Huuiba uonaji kutoka pembeni hata katikati, na kilichokwisha ibwa hakirudi. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake ameupata, na apimwe akifika miaka 40. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, ajapokuwa aona vema.

Mwisho, daftari. Kila mtaa wa kanisa na kila shule yaweza kuwa na daftari moja la macho, la kawaida tu, lenye mistari. Andikeni jina la asiyeona, umri wake, jicho la kulia au la kushoto, na jina la mtu wa nyumbani atakayekwenda naye. Pembeni wekeni nafasi tano: aliambiwa lini, alikwenda lini, alipasuliwa lini, alirudi lini, anaona nini sasa. Hii ya tano msiijaze kwa kumwuliza. Simameni hatua tatu mbele yake mchana, mkiwa na vidole vilivyoinuliwa, naye ahesabu. Siku ya gari daftari hilo aonyeshwe mganga, kwa maana ndani yake ataona pia wale aliowapasua mwaka uliopita. Na pale ambapo nafasi ya pili iko tupu, mtumeni kijana aende nyumba hiyo kabla gari halijaondoka.